Shikamoo ya Kwenye Simu

Mimi si mtu wa kukaa. Hata sasa ninavyoandika haya nimeshanyanyuka mara tatu kwenda kuangalia maharage ambayo najua hayajaiva. Kwa hiyo ukitaka kujua nilikuwaje mwaka ule shirika letu lilipofungwa, fikiria tu mtu wa namna hii amerudishwa kwenye nyumba ya vyumba vitatu pale Singida mjini, upepo unagonga mabati kutwa, mume yuko shuleni anafundisha, watoto wako shuleni wanafundishwa, na yeye hana hata barua moja ya kuchapa.

Nilikuwa katibu muhtasi. Miaka kumi na minane nilikaa kwenye kiti kimoja nje ya mlango mmoja, mameneja wanaingia na kutoka, mimi nipo. Nilijua hati mkato, nilijua kuchapa bila kuangalia vidole, nilijua kumwambia mgeni "bosi ametoka" huku bosi yuko ndani anatafuna karanga. Halafu wakaja watu na mafaili kutoka Dar es Salaam, wakazungukazunguka siku mbili, na haikupita miezi mingi tukaambiwa serikali imeachana na biashara. Soko huria, kila mtu ajitegemee. Vitu vya ofisi viliuzwa, na mimi nikanunua mashine yangu ya kuchapa, ileile, maana sikutaka vidole vya mtu mwingine viiguse.

Wiki za kwanza zilinitesa. Niliamka alfajiri, nikaoga, nikavaa sketi ya ofisini na blauzi yake, nikachana nywele, kisha nikasimama katikati ya sebule. Mume wangu akaniuliza, "Mama, safari ya wapi?" Nikamjibu, "Siendi popote, nimevaa tu, kwani kuna kosa?" Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, hapendi maneno. Akachukua chaki zake akaondoka. Mimi nikaanza kufagia uwanja kwa sketi ya ofisini, kwa hasira, mpaka nikafagia na mbele ya nyumba ya jirani.

Kitu kimoja tulikuwa nacho ambacho mtaa mzima haukuwa nacho, nacho ni simu. Nyumba ilikuwa ya ofisa mstaafu aliyerudi kwao Issuna kufuga, akatuachia simu yake sebuleni. Mume wangu aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kukataza watoto wasiiguse. Ililia labda mara mbili kwa mwezi, na kila ikilia ni mtu anamtafuta mwenye nyumba.

Siku moja, kwa kuchoka kufagia, nikaandika kwenye ubao kwa rangi: HUDUMA ZA UKATIBU. TUNACHAPA BARUA, MITIHANI NA MAOMBI YA KAZI. Nikaupigilia misumari getini. "Tunachapa" ndiyo mimi huyohuyo, na ofisi yenyewe ilikuwa kona ya sebule kati ya kabati la vyombo na dirisha. Watu walikuja kidogo kidogo. Shida haikuwa wateja. Shida ni kwamba mtu akimkuta mwanamke nyumbani saa nne asubuhi, haamini kabisa kwamba huyo mwanamke yuko kazini. Jirani aliingia kuomba chumvi, akaniona nachapa, akasema, "Endelea tu mwenzangu, mimi wala sikusumbui," akakaa kwenye kiti cha wateja akanisimulia ugonjwa wa mkwe wake tangu ulipoanza mpaka ulipoishia. Nikachapa jina la mkwe wake kwenye barua ya mtu. Niliichana ile karatasi mbele yake, na wala hakuelewa.

Sasa hapo ndipo nikaliona lile tangazo gazetini. Kampuni moja ya Dar es Salaam inatafuta asali na nta kutoka Itigi na Manyoni, na alizeti kutoka pande zetu. Mwenye mzigo aandike kwa sanduku la posta fulani. Mimi sikuwa na asali hata ya kuweka kwenye chai. Lakini nilikaa kwenye mashine nikaandika barua ambayo mpaka leo naona aibu na fahari kwa pamoja. Nilimwambia hana haja ya kufungua ofisi Singida. Ofisi ipo, ina simu, ina mashine, ina katibu anayejua kuandikiana na ofisi za vijiji. Yeye atakaa hukohuko Dar es Salaam, na huku kila kitu kitafanyika kama vile yupo. Siku hizi binti yangu ananiambia kazi hiyo vijana wanaifanya kwa kompyuta, mtu yuko kwake anamtumikia bosi aliye nchi nyingine, na ina jina lake la Kiingereza. Mimi wakati ule sikuwa na jina la kuipa. Nilijua tu kwamba nikikaa wiki nyingine bila bosi nitapata kichaa.

Ilipita kama wiki tatu. Nilikuwa nakanda unga wa chapati simu ikalia, nikaishika kwa mkono uliojaa unga. Sauti ilikuwa nzito, ya polepole, inayopumzika kati ya neno na neno. Haki ya Mungu nilimwona palepale: mtu wa makamo, kitambi, miwani, kiti cha kuzunguka, feni juu yake. Nikajikuta nimekaa wima. "Shikamoo mzee," nikasema.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Marahaba," akasema. "Ndiye katibu?"

Jamani! Miezi mitano mizima hakuna mtu aliyeniita hivyo. Nilikuwa mama fulani, jirani, shemeji, yule aliyepunguzwa kazi. "Ndiye mimi mzee," nikasema, na machozi yakanitoka kama mtoto, unga wote umejaa kwenye mkono wa simu.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi. Niliandika barua kwa makatibu wa vijiji, nikazituma kwa makondakta wa mabasi, na majibu yakarudi kwa makondakta haohao. Wafuga nyuki walitoka Itigi na ndoo zao wakaja kukaa sebuleni kwangu, wanasubiri kuzungumza na Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyekuwa naamua nani anazungumza na nani hazungumzi. Kuna mmoja aliyechanganya asali na maji ya sukari. Niliionja asali yake mara moja tu, nikamwonyesha mlango. Nilitafuta lori lenye nafasi, nikafuatilia vibali wilayani, na kila Jumatatu nikachapa taarifa ya kurasa mbili na nakala yake. Mzee alitumia taarifa yangu, akanunua, akasafirisha. Malipo yangu yalikuja posta, madogo lakini yalikuja.

Na kila simu ikilia, kabla ya lolote, shikamoo mzee. Marahaba katibu. Hata kwenye barua niliitanguliza. Kwetu shikamoo si kitu cha kutupa hovyo. Ukimpa mtu na yeye akaipokea, amekubali kuwa mkubwa wako, na mkubwa ana wajibu wake. Ana haki ya kukukemea, na ana deni la kukushauri. Mimi nilipoona mzee anaipokea kila siku bila kusita, nilitulia kwake kama nilivyotulia kwa baba yangu mzazi. Mara nyingine nilimweleza hata mambo yasiyohusu asali, kwamba mtoto ana surua, kwamba mvua zimegoma, na yeye anasema kwa ile sauti yake, "Vumilia tu, katibu." Ningemwambia nani mwingine? Mume wangu mvua ikigoma hugoma na yeye.

Karibu mwaka mzima ulikwenda hivyo. Ndipo ikaja ile barua ya Misigiri.

Shule moja ya sekondari huko ilikuwa inatafuta katibu. Kaka wa mume wangu alilipeleka jina langu bila hata kuniuliza, na wakanikubali. Ajira kamili, nyumba ya mtumishi, matibabu, na Jumamosi narudi Singida kuona watoto. Jibu walilitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Mhasibu wa shule huja mjini kila Ijumaa kwa gari la shule, angepita nyumbani kulichukua.

Mume wangu aliisoma ile barua amesimama, akaisoma tena amekaa. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile. "Mama," akasema, "hii ndiyo kazi."

"Na hii ninayofanya ni nini?"

"Hiyo ni... si unajishughulisha tu hapo. Mimi nataka mtu akiniuliza mke wako yuko wapi, niseme yuko kazini. Sasa hivi nasema yuko nyumbani anaongea na simu."

Wee! Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Siku tatu nyumbani hakukulika wala hakukulalika. Lakini kusema ukweli hata mimi sikujua ninataka nini. Usiku nataka Misigiri, asubuhi nataka meza yangu ya dirishani. Nikiona suruali ya mtoto imetoboka, nataka Misigiri. Wakija wafuga nyuki wakaniambia "mama, tumekuja kwako," naona Misigiri nitakwenda kuzikwa. Kuna wakati nilisimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, sijui nilikuwa naenda wapi.

Mume wangu ndiye aliyepata wazo. "Kwani huyo mzee wako anasemaje?" akauliza. "Huyo ndiye mwajiri wako, na ni mtu mzima. Tumweleze. Akisema nenda, unakwenda. Akisema baki, mimi nitanyamaza."

Nilikubali haraka, maana nilikuwa nimechoka kubeba. Simu ilipolia Jumatatu nikamsalimia, nikamwambia mzee, mume wangu ana neno. Mume wangu alifunga vifungo vya shati. Akasimama mbele ya simu, wima, kama anayeingia kwa afisa elimu, mtu wa miaka hamsini na mvi zake. Akasema, "Shikamoo mzee."

Kimya kilikuwa kirefu. Nilimwona mume wangu anaangalia kile kipokeo, ana wasiwasi labda amekosea. Kisha nikasikia kwa mbali, "Marahaba."

Akamweleza yote. Kwamba yeye ni mwalimu, mshahara ni huohuo unaojulikana, kwamba kazi ya Misigiri ni ya uhakika, kwamba mkewe hataki kutoka. "Sasa mzee, sisi ni watoto wako, tunakusikiliza wewe." Alisema hivyo. Sisi ni watoto wako.

Sauti ikakohoa. Ikasema mama abaki, kazi ipo, yeye mwenyewe anakuja Singida Alhamisi ya wiki inayofuata, tutazungumza ana kwa ana. Mume wangu akaweka simu chini taratibu, akairudishia kitambaa chake. "Mtu mzima ameshasema," akasema. Na kweli akanyamaza.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku moja tu kabla ya Ijumaa ya mwisho ya kujibu. Nilichinja jogoo. Niliazima viti vinne na kitambaa cha meza. Niliondoa nguo za watoto, nikapanga mafaili kwenye kabati la vyombo, vyombo nikavisukuma chini ya kitanda. Mume wangu aliomba ruhusa shuleni akavaa suti yake ya Kaunda, tukaenda stendi kupokea basi la kutoka Dodoma. Nilikuwa siwezi kusimama mahali pamoja. Mume wangu akaniambia, "Hebu tulia basi, unatia watu kizunguzungu."

Basi likaingia, watu wakaanza kushuka wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Akashuka mzee mmoja wa kitambi, miwani, mkoba wa ngozi. Mume wangu hakusubiri. Akamkimbilia, akainama, "Shikamoo mzee, karibu sana Singida," na akaukamata mkoba. Yule mzee akaung'ang'ania. Wakavutana pale, mmoja anasema karibu, mwingine anasema niachie, mpaka utingo akaingilia kati. Kumbe ni mtu wa watu, amekuja msibani.

Basi likaisha watu. Alibaki kijana mmoja mwembamba, shati limemzidi mabega, begi la michezo mgongoni. Alikuwa amesimama pembeni muda wote huo anatuangalia, hasogei. Sasa akasogea.

"Katibu?" akasema.

Ile sauti. Ile ile nzito, ya polepole, ikitoka kwenye shingo nyembamba vile! Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza, mazoea yana nguvu, nilishafika "shi," nikajiziba kwa kiganja. Kijana huyu hakuzidi miaka ishirini na minne. Ningeweza kumzaa, na nafasi ingebaki.

"Shikamoo mama," akasema haraka, akageuka. "Shikamoo baba."

Hatukuitikia. Ilikuwa stendi, mchana kweupe, watu wanaangalia, na watu wawili wazima wa Singida wakasalimiwa wasiitikie. Mume wangu aligeuka akatangulia kwenda nyumbani, anatembea mbio na suti yake, hakuangalia nyuma hata mara moja. Mimi na kijana tukafuata. Begi lake sikumpokea.

Nyumbani mume wangu alikaa kwenye kiti cha mgeni, kile tulichoazima. Jogoo yuko mezani, hakuna anayemgusa. Mimi ndiye niliyelipuka.

"Mwaka mzima!" nikasema. "Mwaka mzima nakuamkia, na wewe unaitikia, huoni haya? Nimekueleza surua ya mwanangu! Nimekuita mzee! Huna hata ndevu!"

Aliinamisha kichwa. Alisema siku ya kwanza, aliposikia sauti yangu nyembamba, alijua ni binti aliyetoka juzi chuo cha ukatibu, akaona kawaida kuamkiwa. Baadaye taarifa zangu zikaanza kumtia shaka, maana binti haandiki vile. Lakini alishapokea. Angeanzaje kuikataa? Nikijua ni mtoto, si ningemwacha? "Na wafuga nyuki nao wangeniacha, mama. Walikuwa wananiamini kwa sababu wewe unaniamkia."

"Na mimi?" Mume wangu aliuliza hilo kwa sauti ya chini. "Mimi nina sauti nyembamba? Mimi ulinidhania binti?"

Kijana alishusha begi mgongoni.

"Nilisimama pale," mume wangu akasema, akaonyesha kwa kidole. "Nilifunga vifungo. Nikakupa shikamoo, na nikakupa jambo la nyumba yangu ulisemee. Ukalisemea. Nirudishie."

Kijana akainuka. Akaenda mpaka pale palipoonyeshwa, mbele ya simu, akasimama wima, mikono nyuma. "Shikamoo baba," akasema.

Mume wangu akatoka nje uani bila kuitikia, na nikamsikia anapasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Nilibaki na kijana. Hasira ilikuwa bado, lakini mimi hasira yangu haiwezi kukaa bila kufanya kazi, nikaanza kumhoji. Ofisi yako iko wapi? Hakuna ofisi. Anakaa chumba cha nyuma kwa dada yake, simu anapiga dukani kwa jirani, anasubiri watu watoke ndipo aongee. Ile sauti ya polepole ni kuogopa mwenye duka asisikie. Wanunuzi wako wangapi? Mmoja wa kueleweka, mwingine anasuasua. Feni je, una feni? Akanitazama bila kuelewa. Hana.

"Kwa hiyo na wewe unafanyia nyumbani," nikasema.

"Ndiyo mama."

Kicheko kilinitoka bila kutaka. Mimi nimemdanganya nina ofisi, yeye kanidanganya ana kampuni, na kati yetu asali ya kweli imekwenda na kufika. Nikacheka mpaka nikakaa, halafu nikakumbuka Ijumaa, kicheko kikakauka.

"Niambie ukweli," nikasema. "Nikibaki, mwakani kazi itakuwepo?"

Aliwaza. "Sijui, mama," akasema.

Hilo "sijui" ndilo neno la kwanza kutoka kwake nililoliamini bila shikamoo. Lakini halikunisaidia kitu. Nilimpakulia akala, akaenda kulala gesti.

Asubuhi ya Ijumaa nilichapa barua mbili. Moja inasema nimeipokea kazi kwa mikono miwili na nitaripoti tarehe mosi. Nyingine inasema nashukuru sana lakini sitaweza. Zote zilikuwa safi, hazina kosa hata moja, nikaziweka mezani ubavu kwa ubavu. Mume wangu alikuwa ananyoa ndevu dirishani, macho mekundu.

"Baba," nikasema, "tunafanyaje?"

"Mzee wetu si ndiye huyo tumemwona," akasema. Kisha akapangusa wembe. "Fanya unavyoona wewe."

Tangu anioe hakuwahi kuniambia hivyo. Wala meneja hata mmoja hakuwahi. Wala baba yangu. Nilitamani kupiga kelele. Kumbe maisha yangu yote nimekuwa nikikaa nje ya mlango wa mtu nikisubiri atoke aseme, na nilipofungiwa mlango nikaenda kujitafutia mwingine kwenye simu, nikauvisha kitambi na miwani mimi mwenyewe! Yule kijana hakunidanganya peke yake. Asubuhi ile ningeweza kuuamkia mlingoti wa umeme, ili mradi tu uniambie cha kufanya.

Kijana alipita kuaga, anakwenda Itigi kuona mzigo. Akasimama kizingitini, haingii. "Shikamoo baba," akasema. Mume wangu alimalizia kunyoa upande wa pili wa kidevu, akajifuta, akakunja taulo.

"Marahaba," akasema. "Umekunywa chai?"

Nilimmiminia chai, na wakati anakunywa nikamwambia masharti, nikihesabu kwa vidole na huku sijui yanatoka wapi. Kuanzia leo unaniamkia wewe. Usimwahidi mtu mzigo kabla hujaniuliza mimi kama upo. Mambo ya nyumba yangu usiyasemee. "Na uniite katibu," nikasema, "hilo usibadilishe." Akaitikia kila moja. Mume wangu alisikiliza yote akinyoosha kola, hakutia neno.

Saa nne kasoro gari la shule likapiga honi. Nilichukua barua moja. Mkono uliichukua kabla sijamaliza kuwaza, na nikaona bora nisiupe nafasi ya kuirudisha. Nikatoka nilivyokuwa, kanga kiunoni na kandambili miguuni.

Mhasibu alikuwa mtu mzima, mkarimu, ameacha gari linaunguruma. Nikamwamkia, akaitikia, akaifungua barua palepale kwenye usukani. Alipomaliza akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko angenigombeza.

"Mama, kazi kama hizi siku hizi hazipatikani. Umeshauriana na wakubwa wako?"

"Hakuna mkubwa," nikasema. "Ni mimi."

Alitikisa kichwa, akaikunja barua, akatia gia. Gari likaondoka. Nilibaki pale barabarani vumbi lote limenijaa, na kila lilivyozidi kusogea niliona nyumba ya mtumishi na matibabu na suruali ya mtoto vinakwenda nalo. Pale kwenye kona lilipunguza mwendo kupisha ng'ombe. Ningelifikia, nilikuwa na miguu bado. Sikukimbia. Lakini kandambili nilikuwa nimeshazivua, nimezishika mkononi.